Jiwe Lililotoa Pole

Bibi yangu alikuwa ameshaua mazimwi sita, na la sita alilimaliza huku anamenya vitunguu. Simpambi. Nilikuwepo, nimekalia ndoo iliyopinduliwa jikoni, nikimshikia kisu kila vita vilipotaka mikono yote miwili.

Vita vyenyewe vilikuwa ndani ya gemu ya mkononi, kidude cha kijivu cha zamani, kizito kama kipande cha sabuni, chenye kioo kisichozidi ukubwa wa kiberiti. Rangi hakina. Mti, mto, zimwi na mfalme, wote wana ukijani ule ule wa maji ya bwawa, tofauti yao ni kukolea tu. Mtu akikiona mara ya kwanza anacheka. Akikaa nacho robo saa, utamwita aje ale na hatakusikia.

Kilifika nyumbani kupitia Babu, ambaye alikuwa fundi saa. Mteja mmoja alikileta karakanani kitengenezwe kitufe, akaenda zake, asirudi tena. Babu alikitunza kabatini mwaka mzima akimngoja mwenyewe, mwisho akakifunga kwenye gazeti akampelekea mke wake. Kilipowashwa kiliuliza jina la shujaa, na nafasi ilikuwa ya herufi nne tu. Babu akaandika BIBI. Alimwita hivyo tangu hajawa bibi wa mtu yeyote, tangu siku ya pili ya ndoa, kwa sauti ya mtu anayemwita mkubwa wake wa kazi. Kisha akamkabidhi.

"Mimi sina mikono ya vita," alimwambia. "Pigana wewe, mimi nitakutilia betri."

Akamtilia betri miaka mitano, halafu akafariki. Bibi akaendelea kupigana.

Hadithi ya mle ndani ni hii. Mazimwi saba yameiba sauti za watu wa miji saba, kila mji na zimwi lake. Ukiingia kwenye mji, watu wapo, wanatembea, wanachota maji, lakini ukimsogelea mmoja akafungua mdomo, zinatoka nukta tatu tu. Wewe unashuka mapangoni na taa na upanga mfupi, unasukuma mawe, unachoma utando wa buibui, unafunua mitungi mpaka uukute ule uliofungiwa sauti. Ukirudi nayo, mji mzima unaongea kwa mpigo. Wanaongea Kizungu, na Kizungu Bibi hakijui. Lakini ndani ya Kizungu hicho, kama punje ya mchele kwenye rundo la changarawe, kuna neno moja analolijua. Mzee wa kisimani anasema maneno kumi, la mwisho ni BIBI. Mtoto anayefukuza kuku anasema BIBI, na alama ya mshangao juu. Mfalme mwenyewe anainuka kitini anasema BIBI.

"Unaona, mke mwenza?" huniambia, maana ndivyo anavyonitania, mimi na yeye tukiwa wake wa mume mmoja, marehemu Babu. "Hapa mtaani mimi ni mama wa fulani, au yule wa nyumba ya kona. Kule wananijua."

Miji sita aliirudishia sauti. Wa saba ulimkalia kooni miaka minne.

Mimi nilisoma shule ya msingi nikaishia hapo. Nafanya kazi kwa Mjomba, mtoto wa Bibi, aliyerithi karakana ya Babu: meza mbili, kabati la droo ndogondogo, na saa za ukutani ambazo hazikubaliani hata mbili, isipokuwa moja. Hiyo moja tunaiita saa mama, haidanganyi. Mjomba anatengeneza. Akimaliza, saa inakuja kwangu, naiweka chini ya saa mama na kukaa nayo. Kazi yangu ni kutazama kama zinaachana. Saa inaweza kwenda vizuri asubuhi nzima, mchana ikaanza kuiba, sekunde moja hapa, moja pale, na hakuna anayejua isipokuwa mtu aliyekaa. Naweka ncha ya kibano juu ya kioo, sawasawa na ncha ya mshale, nangoja. Mjomba ananiita Kobe. Wateja huwaambia, "Huyu Kobe wangu anaona nywele ikiota."

Jumamosi ile Bibi aliingia kabla hatujamaliza kufungua madirisha. Alishika gemu kwa mikono miwili mbele ya kifua, inawaka, kitaa chake chekundu cha betri kimekaza.

"Pisheni. Nimebeba mgonjwa."

"Shikamoo, Mama," akasema Mjomba.

"Marahaba ya haraka. Mwanangu, kimeanza kunisahau."

Akaeleza. Alhamisi alikiwasha akakuta palipokuwa na BIBI pameandikwa BI, halafu vidoa. Akazima, akawasha, jina likarudi. Ijumaa vilevile, mara tatu. Leo asubuhi ameweka betri mpya akakuta B peke yake, imesimama kama mtu aliyeachwa na gari. Akazima, akawasha, akazima, akawasha, mpaka jina lilipotokea zima. Akaingia mbio, na tangu hapo hajakizima.

Mjomba alitoa lenzi jichoni akaiweka mezani. Anapofanya hivyo, habari huwa si nzuri.

"Mama, ndani ya kaseti, hicho kipande kinachochomekwa nyuma chenye gemu yenyewe, kuna kibetri kidogo kama cha saa. Gemu ikiwaka, inakula hizi betri kubwa za nyuma. Ukiizima, kumbukumbu yote inakilalia kile kidogo. Sasa kimezeeka. Kina zaidi ya miaka ishirini mle."

"Kizee kibadilishwe."

"Kukibadilisha ni kukitoa. Kikitoka, kila kitu kinatoka nacho. Miji, funguo, jina."

"Jina si tutaandika tena?" nikasema.

Bibi akanigeukia taratibu. "Utaandika wewe. Aliyeandika hilo atakuja kuliandika?"

Saa za ukutani ziliendelea kubishana.

"Nasikia wapo mafundi wanaokibadilisha huku gemu inawaka," akasema Mjomba. "Mimi sijawahi. Mkono ukiteleza kidogo tu..."

"Mimi hunipasui nikiwa macho. Na huo umeme wako wa ukutani?"

"Nikikuchomekea waya, inaziacha betri inafuata umeme. Na umeme wiki hii umekatika mara nne."

"Basi hizi betri kubwa zinakaa saa ngapi?"

"Nzuri, saa kumi. Umenunua wapi?"

"Duka la kona."

"Duka la kona!" Mjomba akafumba macho. "Saa sita, Mama. Ukiwa na bahati."

"Saa sita zinanitosha." Bibi akavuta kiti mpaka kwenye meza yangu, akasukuma saa tatu za watu kwa kiwiko. "Leo namaliza. Nikishafika mwisho, kikitaka kufutika kifutike, lakini kiwe kimeniona. Siwezi kufutwa nikiwa mlangoni kwa mtu, miaka kumi na moja nagonga."

Ilikuwa saa mbili na dakika tano kwa saa mama. Niliandika kwenye kipande cha karatasi.

Bibi alikuwa amekuja na ramani zake, migongo ya kalenda za zamani iliyounganishwa kwa gundi. Hajui kuchora, lakini hakuna njia ya kule ambayo haimo. Kuna "Pango la Popo Wajinga", kuna "Daraja la Usithubutu", kuna mahali palipoandikwa "Hapa nilikufa mara tisa". Mji wa Saba ulikuwa kwenye kalenda ya mwisho, na ulikuwa karibu mtupu. Uwanja wa mawe, ukuta pande zote, sanamu ishirini za watu waliofungua midomo, katikati mlingoti usio na bendera. Na pale unapoingia, jiwe lenye maandishi.

Jiwe hilo lilikuwa na maneno machache, na la mwisho lilikuwa POLE.

Bibi alilifikia mwaka wa pili baada ya msiba wa Babu, na hakuona ajabu yoyote. Wakati ule kila aliyekutana naye alikuwa anampa pole, majirani, muuza mkaa, hata watu wasiomjua. Sasa na jiwe nalo limesikia. Miaka minne kila akipita analijibu kwa sauti, "Nimeshapoa, asante," halafu anakwenda kutafuta mlango.

Mimi nilikuwa na mawazo mengine. Nilisema labda jiwe linatuambia twende polepole. Siku moja nyumbani nilimtembeza shujaa hatua moja moja kutoka jiweni mpaka ukutani. Hakuna kilichotokea, isipokuwa Bibi alipitiwa na usingizi.

Basi asubuhi hiyo alianza na sanamu. Akasukuma ya kwanza kutoka kushoto, kutoka kulia, kutoka juu, kutoka chini. Akaenda ya pili. Alipofika ya kumi na moja ilikuwa saa nne. Akajaribu kuta kwa upanga, tofali moja baada ya jingine, tik, tik, tik, mpaka Mjomba aliyekuwa anafunga skrubu ya saa ya mkononi akasema, "Mama, unanifanya nihesabu matofali."

"Umefika ngapi?"

"Tisini na mbili."

"Mimi tisini na moja. Unaniibia kazi."

Kicheko kilikuwepo, lakini nilikuwa natazama kile kitaa. Saa mbili kilikuwa chekundu kama pilipili. Sasa kilikuwa kama kaa lililoanza kupata majivu.

Saa sita kasoro aliingia Mwalimu. Anafundisha Kizungu shule ya hapo nyuma, na saa yake ilikuwa kwangu siku ya tatu, inaiba sekunde nne kwa siku. Alimkuta Bibi amefika mbele ya jiwe tena, akijibu, "Nimeshapoa, asante."

"Unamjibu nani, mama?"

"Jiwe. Limeniambia pole."

Mwalimu akainama, akavaa miwani. Kwanza akatabasamu, halafu akaumauma mdomo, halafu akashindwa.

"Mama yangu, hiyo si pole ya kupoa. Ni Kizungu. Ni mlingoti!"

"Nini?"

"Neno lile lile kwa herufi, lakini kwao ni mlingoti. Limeandika hapa: simama kwenye mlingoti."

Bibi alitazama jiwe, akamtazama Mwalimu, akalitazama jiwe tena.

"Yaani miaka minne nimekuwa nikishukuru mti?"

Mjomba aliangusha bisibisi. Alicheka mpaka akashika meza, na Bibi mwenyewe akacheka, machozi yakamtoka, huku kidole gumba kimeshaanza kumkimbiza shujaa kuelekea katikati ya uwanja. Akasimama chini ya mlingoti. Hakuna. Akasimama upande wa pili. Hakuna. Akasimama juu, akasimama chini, akaupiga upanga, akauwashia taa, akautegea baruti ya mwisho aliyokuwa nayo. Baruti ikalia buf, mlingoti umesimama vilevile.

"Jaribu kuupanda," akasema Mwalimu.

"Haupandiki."

"Jaribu kuusukuma."

"Mwalimu, nimeusukuma mpaka umenichoka."

"Lakini imeandikwa mlingoti. Nimefundisha miaka kumi na saba, mama. Mlingoti ni mlingoti."

"Sijakataa. Ila mlingoti wako haujui kama mimi nimekuja."

Ilikuwa saa saba na robo. Kile kitaa ukikitazama moja kwa moja hukioni. Ilibidi utazame pembeni yake. Mjomba alikuwa ameacha kazi, amesimama nyuma ya kiti cha mama yake na mikono mfukoni.

"Nikifungua nyuma kuongeza betri inazima," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Bibi hakuacha kumzungusha shujaa. Akatoka uwanjani, akaingia tena. Akazunguka mlingoti mara tatu kulia, mara tatu kushoto. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilifanya ninachofanya kila siku. Nilitazama.

Mlingoti ulikuwa na kivuli. Kidogo, mstari wa vidoa umelala chini kuelekea kushoto. Sanamu nazo zilikuwa na vivuli, mafungu yaliyokolea miguuni, yote sawa. Bibi alipopumzika kidogo kujifuta jasho la viganja, nilihisi kile kivuli cha mlingoti kimenidanganya. Sikuwa na uhakika. Ilikuwa ni ile hali ninayoijua, saa inapoanza kuiba na bado huwezi kumwambia mwenyewe.

"Bibi, simama."

"Nimesimama."

"Hujasimama, unapiga upanga."

"Nikisimama nitafanya nini?"

"Usifanye kitu. Dakika moja tu. Toa vidole."

Akatoa vidole kama mtu aliyeambiwa avue viatu mkekani. Nikachukua kibano, nikaweka ncha yake juu ya kioo, sawasawa na ncha ya kivuli. Nikainua macho kwenye saa mama. Sekunde ishirini. Nikatazama chini. Ncha ya kivuli ilikuwa imepita ncha ya kibano kwa kidoa kimoja.

"Kinatembea," nikasema.

"Nini kinatembea?"

"Kivuli. Kila sekunde ishirini, kidoa kimoja. Kinazunguka kama mshale."

"Hebu nione," akasema Bibi, na kwa furaha akabonyeza kitufe cha upanga.

Kivuli kikaruka kikarudi kilipokuwa mwanzo.

Tulitazamana. Mwalimu ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa sauti ndogo kabisa: "Simama. Neno la kwanza la jiwe ni simama. Sikulisoma vizuri. Halisemi uende kwenye mlingoti. Linasema usimame tuli hapo."

"Polepole," nikasema.

"Na polepole pia," akakubali Mwalimu.

Miaka minne Bibi alikuwa hajawahi kusimama pale bila kugusa kitu. Ndivyo alivyo. Hata akingoja chai ichemke anafuta jiko.

Nilihesabu vidoa kutoka kivuli kilipoanzia mpaka pale ambapo kingenyooka kuelekea ukuta wa juu, kwenye tofali moja lililopasuka ambalo lilikuwa peke yake. Thelathini na sita. Dakika kumi na mbili. Niliandika: saa saba na dakika ishirini na mbili.

"Bibi, mpaka saa saba na dakika thelathini na nne usiguse kitufe hata kimoja."

"Na kikizimika?"

"Kitazimika hata ukigusa."

Akanitazama kwa jicho ambalo nadhani alikuwa akimtazama nalo Babu. Kisha akaweka gemu mezani, akaichomeka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Sijawahi kuona kazi ngumu kama ile. Dakika ya pili pua ilimwasha. "Nikune," akaniambia, nikamkuna. Dakika ya nne akaanza kuimba chini kwa chini. Dakika ya sita alinyamaza, na hilo lilinitisha zaidi. Mteja mmoja aliingia na saa ya mezani kwapani. Mjomba akamwekea kidole mdomoni, naye akasimama mlangoni vilevile bila kujua anaheshimu nini. Mwalimu alikuwa anatazama saa ya ukutani, mimi natazama kivuli, Mjomba anatazama kitaa. Kila mtu alikuwa na zamu yake.

Dakika ya nane kioo kikaanza kufifia. Ukijani ulikuwa unageuka maji matupu.

"Kuna gurudumu la pembeni la kukoleza," Bibi akanong'ona. "Si kitufe."

"Una hakika?"

"Babu yako ndiye aliyekuwa analigusa, mimi nikipigana. Halikuwahi kunivuruga."

Nikalisukuma kwa kucha, unywele kwa unywele. Kivuli kikarudi machoni. Kilikuwa hakijaruka. Nikasikia watu watatu wakitoa pumzi juu ya kichwa changu.

Kidoa cha thelathini na nne. Thelathini na tano. Mshale wa saa mama ukapita juu, na kivuli kikanyooka, ncha yake ikagusa tofali lililopasuka.

Kwa sekunde nzima hakikutokea kitu. Halafu kile kispika kidogo kikasaga, grrrr, kama jiwe la kusagia, na ukuta ukafunguka.

"Mikono!" nikasema, lakini Bibi alikuwa ameshaichomoa.

Ndani ya mlango kulikuwa na zimwi. Yale sita lilikuwa limeyameza au limeyazaa, sijui. Lilijaza kioo chote, duara moja kubwa lenye midomo pembeni kuzunguka. Na lilipofungua mdomo wa kwanza, lilisema kwa sauti za kuiba. Lilisema BIBI.

"Usiniite!" Bibi akafoka. "Nani amekuzoesha?"

Bibi alikuwa na mioyo minne ya uhai. Pigo la kwanza akapoteza mmoja. Alirukia mdomo uliokuwa wazi, ukafungwa, mwingine ukafunguka nyuma yake ukamtemea moto. Miwili.

"Una midomo mingi mno, kama mke wa kaka yangu," akasema, anakimbia.

Mimi nilikuwa sijashika kitu. Nilitazama midomo. Ilikuwa kumi na miwili. Wa juu kabisa ulifunguka, ukafuata wa pembeni ya kushoto, ukafunguka wa chini. Kisha ukarudi wa juu, pembeni, chini.

"Bibi, ni saa! Inafungua kwenye sita, tatu, kumi na mbili, halafu inarudi!" nikasema, maana sisi saa zetu tunazisoma kwa kuvusha, juu ni sita na chini ni kumi na mbili. "Nitakutajia."

"Taja!"

"Sita!"

Akapiga. Zimwi likatikisika.

"Tatu! Kumi na mbili! Sita!"

Piga, piga, piga. Likabadilisha mwendo, nikanyamaza mizunguko miwili nikitazama, Bibi anakwepa na kulitukana ukoo mzima. Alipoteza moyo mwingine. Ukabaki mmoja, unapepesa.

"Mke mwenza, umelala?"

"Tisa!" nikasema. "Tisa, kumi, nane. Tisa!"

Mwalimu naye alianza kutaja, kwa Kizungu, Mjomba akamwambia anyamaze, atamchanganya mama. Kioo kilikuwa kimefifia mpaka Mjomba akalazimika kukikingia mwanga wa dirisha kwa viganja viwili, na sisi tukachungulia ndani ya viganja vyake kama watu wanaochungulia kisimani.

"Kumi!" nikasema. "Nane!"

Bibi alipiga, na zimwi likapasuka. Halikufa kimyakimya kama yale mengine. Kila mdomo ulitoa vitu vidogo vya kung'aa vikapaa, sauti za watu, zikatoka mlangoni.

Kisha uwanja. Zile sanamu ishirini zilijikung'uta vumbi, zikawa watu. Wakatoka na wa miji mingine. Mzee wa kisimani alikuja. Mtoto wa kuku alikuja, na kuku. Mfalme alikuja kwa miguu. Walijipanga kuzunguka mlingoti, wote wakamtazama shujaa mdogo mwenye taa, wakafungua midomo. Hazikutoka nukta. Kioo chote kilijaa neno moja, kubwa, kutoka ukingo mpaka ukingo:

BIBI

Likakaa. Sijui sekunde ngapi. Ndiyo mara pekee sikutazama saa. Wimbo ulikuwa unapigwa, mdogo kama wa mbu. Halafu neno likapauka, likawa ukungu, likaondoka. Kitaa kilikuwa kimeshazimika zamani.

"Mmeona?" akauliza Bibi.

"Tumeona, Mama."

"Wote?"

"Wote," akasema yule mteja wa mlangoni, saa bado kwapani.

Basi Bibi akasimama, akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele ambacho nahisi kiliamsha saa mbili zilizokufa kabatini. Fundi viatu wa jirani akatokea mlangoni na msumari mdomoni.

"Nani anaolewa?"

"Hakuna anayeolewa!" Bibi akamjibu. "Nimeua!"

Walimpigia makofi. Mwalimu alimpa mkono kwa mikono miwili, akamwita mwanafunzi wake bora, na Bibi akamwambia jibu la mlingoti alipata nusu, na nusu nyingine akaichukue kwa Kobe. Mjomba alinitazama. "Nywele ikiota," alisema tu, na hakucheka.

Jioni, kabla ya kufunga, alifungua kaseti. Kile kibetri kilikuwa na ukungu pembeni. Akapasha chuma cha kuchomelea, akakitoa, akaweka kipya, moshi wa risasi iliyoyeyuka ukapanda. Akatia na betri kubwa, za duka jingine. Bibi alikaa amekunja mikono kama mtu anayengoja mjukuu azaliwe.

Akawasha. Kioo kikawa kijani, kimekolea, kisafi. Hakuna mji, hakuna ufunguo. Kikauliza jina, nafasi nne tupu.

Bibi alishika gemu, akasogeza kimshale kwenye herufi bila haraka yoyote.

B. A. B. U.

"Yeye alinipeleka mimi," akasema. "Na yeye atembee sasa, akaone."

Kisha akaniwekea gemu mkononi, yenye joto la viganja vyake.

"Mke mwenza, mshike mume wetu. Huyu hakuwa mtu wa kukimbia, atakufaa. Betri nitatia mimi."

Nilimshika. Alikuwa amesimama mwanzo kabisa wa njia, mdogo, na taa yake, mbele yake mji wa kwanza ambao hauna sauti. Sikubonyeza kitu. Nilimwacha kwanza atazame.